Nafasi Haina Mtu

Mtu akitaka kujua maana ya kupigwa danadana, asisumbuke kufungua kamusi. Aende akatafute kazi ya kufundisha baiokemia chuoni. Mwanamke tunayemsimulia hapa aliitafuta kwa miaka kumi na mmoja, vyeti vya shahada zake tatu vikiwa ndani ya mfuko mmoja wa plastiki ngumu, na katika kuzunguka kwake aligundua kwamba somo lake ni kama mtoto wa wazazi walioachana: kila upande unakiri kumzaa, na hakuna unaotaka kumlea.

Chuo cha kwanza, alipokwenda idara ya kemia, aliambiwa, "Mama, mambo ya ini na damu ni ya biolojia hayo." Akavuka uwanja hadi biolojia, akaambiwa mambo ya molekuli ni ya kemia, arudi kulekule alikotoka. Chuo cha pili kilimpenda sana. Kilimwita kwenye usaili, kikamnywesha chai, halafu kikagundua kwamba shahada yake ya kwanza imeandikwa "Kemia na Biolojia", na tangazo lilitaka neno baiokemia katika shahada zote. Akaeleza kwamba wakati anasoma yeye hapakuwa na shahada ya kwanza yenye jina hilo, lakini masomo yalikuwa yaleyale na walimu walewale. Mwenyekiti wa jopo akatikisa kichwa kwa huruma. "Tunakuelewa, Daktari," akasema. "Ila neno halipo."

Chuo cha tatu kilitaka uzoefu wa miaka mitano. Wakati huo alikuwa ameshafundisha miaka minane kama mwalimu wa muda, akaona safari hii mambo yamenyooka. Karani wa huko akamweleza kwamba uzoefu wa muda huhesabiwa nusu. Nusu ya nane ni nne. Amepungukiwa mwaka mmoja. Yeye akamuuliza, kwa heshima zote, ile nusu nyingine ya wanafunzi wake ilikuwa ikifundishwa na nani. Karani hakuona kichekesho hapo, na kusema kweli hakikuwepo.

Basi akarudi kwenye chuo chake, hicho alichokuwa akifundisha kwa muda, na huko ndiko kisa kilikotokea. Kilikuwa chuo cha kuandaa wataalamu wa maabara za hospitali. Kilikuwa na majengo matatu yaliyopakwa rangi mara ya mwisho wakati wa mkuu wa chuo aliyekwisha kustaafu, na kengele iliyolia dakika tano baada ya muda wake, hata watu wote wakazoea kuchelewa kwa pamoja. Yeye alifundisha baiokemia yote, mwaka wa kwanza hadi wa tatu, peke yake. Mkataba wake ulikufa kila wiki ya mitihani ukafufuka kila muhula ulipofunguliwa, kwa hiyo likizo zote, kwa mujibu wa karatasi, hakuwa mtu wa pale. Ofisi hakuwa nayo. Alisahihishia kazi katika stoo ya maabara, akikalia stuli kati ya pipa la maji na mizani mbovu iliyongoja fundi tangu enzi na enzi.

Wanafunzi hawakuyajua hayo. Walimwita Mama Vimeng'enya, kwa kuwa hakuna kipindi kilichopita bila yeye kuvitaja vimeng'enya, zile protini zinazoharakisha kazi za mwili, na walimwogopa vizuri, ule woga wa kumwogopa mtu anayeijua kazi yake. Alikuwa na ukali wa mambo madogo. Mwanafunzi akichora grafu bila kuandika majina ya mihimili, ule wa mlalo na ule wa wima, alikatwa alama mbili hapohapo. "Hii siyo grafu," angesema. "Hii ni pambo la ukutani."

Nyumbani alikaa na mama yake mzazi, mwanamke mwenye swali moja tu duniani. Binti akirudi jioni, hata viatu hajavua, anaulizwa, "Wamekuajiri?"

"Nimeajiriwa, mama. Kwa muda."

"Kwa muda ni ndoa au uchumba?"

"Ni uchumba."

"Miaka tisa ya uchumba," mama angesema, akipunguza sauti ya redio ili asikike vizuri. "Baba yako angenichelewesha hivyo ningeolewa na jirani yake."

Na palikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi wa majokofu, aliyekuwa akija kila Jumapili kula na kutoa ushauri. Huyo alijifunza kazi yake kwa miezi minane nyuma ya duka la vipuri, na alipenda kukumbusha kwamba hajawahi kukutana na jokofu lililomuuliza shahada yake ya kwanza imeandikwaje.

Mwaka wa tisa ulipokuwa ukingoni, tangazo likabandikwa kwenye ubao wa chuo. Mhadhiri wa baiokemia, nafasi moja, ajira ya kudumu. Alilisoma akiwa amesimama katikati ya wanafunzi waliokuwa wakitafuta matokeo yao, akalisoma tena, na macho yake yakakwama kwenye mstari wa chini: mwombaji awe hajatimiza miaka arobaini na mitano siku ya kuajiriwa. Yeye alikuwa na miaka arobaini na minne na miezi saba. Kanuni hiyo ilikuwa ya vyuo vyote vya umma, wala haikuwa na dirisha la rufaa. Miezi mitano ikipita, hakuna chuo ambacho kingemwajiri tena maisha yake yote, awe na shahada tatu awe na thelathini. Nafasi hii, au uchumba hadi uzeeni.

Akaomba. Akatoa nakala za vyeti, akazigongesha mihuri, akaandika barua mara nne mpaka ikakaa sawa. Mama yake akaitia mkononi ile bahasha, akaipima uzito. "Safari hii wakikukataa," akasema, "wana lao jambo."

Sasa njoo kwa mkuu wa idara. Alikuwa mtaalamu wa mimea, mtu mpole, mwenye salamu ndefu, aliyeamini kwa moyo wake wote kwamba linalowezekana leo lisingoje kesho, mradi lifanywe na mwingine. Wiki mbili baada ya maombi kufungwa alikutana na Mama Vimeng'enya ukumbini, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mama, nitungie mtihani," akasema. "Maswali sita, ngazi ya juu kidogo, pamoja na mwongozo wa kusahihisha. Nipatie Ijumaa."

Ombi la namna hiyo alikuwa ameshalisikia mara nyingi kuliko salamu ya asubuhi. Kwa miaka tisa alitunga mitihani ya muhula, ya majaribio na ya marudio, na mwalimu wa muda hana mazoea ya kuuliza kazi ni ya nini. Akiuliza sana, muhula ujao mkataba unaweza kusahau kufufuka. Akadhani ni marudio ya mwaka wa tatu. Akautunga kwa siku tatu, na akaupenda. Swali la tano lilikuwa la vizuizi vya vimeng'enya, tamu, la kumchuja anayejua na aliyekariri. Ijumaa akaukabidhi ndani ya bahasha iliyofungwa, akasaini ile fomu ya siku zote, kwenye mstari wa mtunzi, akaweka na tarehe.

Siku kumi baadaye akapewa barua. Ombi lake, barua ilisema, limeshindwa kuendelea kwa kuwa yeye ndiye mtunzi wa mtihani wa mchujo wa nafasi husika.

Akaisoma kwenye stuli ya stoo. Mwanzoni hakuelewa, na yeye alikuwa mtu wa kuelewa upesi. Alipoelewa, hasira ikampanda, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe. Alikuwa amejipalia makaa, tena kwa mwandiko mzuri, akayawekea na tarehe.

Akaenda kwa karani wa utumishi. Karani alikuwa kijana mtanashati aliyekaa nyuma ya dirisha la kioo lenye tundu la duara, na faili zake zilipangwa vizuri hata mtu angesita kumlaumu. Akafungua kitabu cha kanuni, akaugeuza ukurasa aone mwenyewe. Mtunzi wa mtihani hawezi kuwa mtahiniwa.

"Kanuni nzuri," akasema Mama Vimeng'enya. "Ningekuwa mimi ningeiandika hivyohivyo. Lakini mimi sikuambiwa mtihani ni wa nini."

"Uliuliza?"

Akausoma ule mstari upya.

"Mama, uliuliza?"

"Sikuuliza."

"Basi," karani akasema, akakifunga kitabu taratibu, wala hakuwa na ubaya wowote usoni.

Kwa mkuu wa idara alikuta mlango wazi na chai mezani. Akamwekea barua mbele yake. Mkuu akaisoma yote, kwa utulivu, kama habari za watu wa mbali.

"Ulijua nimeomba nafasi hii?" Mama Vimeng'enya akamuuliza.

"Nilijua, mama. Nikafurahi sana."

"Na ukanipa mtihani wake niutunge."

"Sasa nani mwingine angetunga? Mimi ni mtu wa majani. Yule wa vijidudu yuko masomoni. Baiokemia hapa ni wewe."

"Si ungeniambia."

"Ningekuambia ungekataa."

"Hapo ungeomba mtunzi kutoka chuo kingine."

Mkuu wa idara akahema. "Hiyo inataka barua tatu, na moja lazima isainiwe na mkuu wa chuo."

"Kwa hiyo umenitoa kazini kwa sababu ya barua tatu."

"Sijakutoa kazini," akasema kwa upole. "Hukuwa umeajiriwa."

Kama angelisema kwa dharau, angepata la kumjibu. Lakini mzee wa watu alisema kama anavyosahihisha jina la mmea. Kisha akasogeza kikombe, akamwambia kwamba watahiniwa saba wameshafanya mtihani, karatasi zina namba tu, hazina majina, na msahihishaji hawana. Angemsaidia?

Mama Vimeng'enya akasimama atoke. Mkuu akaongeza neno, akitazama dirishani. Alama ya kufaulu ni sitini. Wakikosekana wa kufikisha sitini, tangazo litarudiwa ndani ya wiki sita, na safari hiyo yeye mwenyewe ataandika hizo barua tatu, mtunzi atoke nje. "Na wewe utaomba upya, mama. Miezi yako bado itakuwepo."

Hapo akaona kila kitu. Huyu bwana hakuweza hata kutenda dhambi kwa mkono wake. Na hiyo pia alitaka aifanye mwingine, ifike Ijumaa. Akataka kumtupia zile karatasi. Badala yake akazichukua.

Jumapili akalieleza jambo hilo mezani. Mdogo wake hakungoja amalize.

"Dada, hili linakutoa jasho? Wafelishe wote. Nani atajua? Wanaojua hayo mambo hapo chuoni ni wewe na nani?"

"Mimi peke yangu."

"Basi umemaliza."

Akamgeukia mama yake, akitegemea kwamba mtu wa umri ule angesema neno la haki. Mama akatafuna, akameza. "Wafelishe," akasema. "Mungu ni mwingi wa rehema. Chuo siyo."

"Mama."

"Nini? Umeniuliza, nimekujibu. Wewe kila mtu umempisha mpaka umefika ukutani. Wao wakati wanakutungisha mtihani wako mwenyewe walikaa wakajiuliza kama ni haki?"

Neno hilo lilimuudhi kwa sababu lilikuwa na ukweli. Alichoka kuwa mtu mwema wa bure. Kesho yake alipoingia stooni na kufungua bahasha, moyoni alikwisha kubali: iwapo pana njia ya halali ya kuwakata, atawakata, na hatamwonea mtu haya.

Na mwanzoni njia ilikuwa pana mno. Mtahiniwa namba moja aliandika kwa kalamu tatu za rangi tofauti, na hakuna rangi iliyojibu swali. Namba mbili alijibu maswali yote sita kwa kueleza umuhimu wa maji mwilini. Namba sita, ambaye bila shaka alikuwa na vyeti vya kutosha kuezekea banda, aliandika kwamba vimeng'enya ni viumbe wadogo sana waishio tumboni na hufa mtu akila pilipili. Ishirini na moja. Kumi na tisa. Ishirini na nne. Kila jumla aliyoiandika ilimfurahisha, halafu ikamtia aibu, kwa maana hawa, alivyodhani, ndio waliokuwa na neno baiokemia katika shahada zao zote. Namba saba alikuwa na nafuu. Swali la tano alichora grafu yake vizuri, ingawa hakuandika majina ya mihimili, na Mama Vimeng'enya akampa alama zote nne bila kufikiri sana, kwa kuwa mtu huyo alikuwa anaelekea thelathini na moja na alama mbili zisingemwokoa wala kumzamisha.

Akaiacha namba nne iwe ya mwisho, kwa bahati tu. Ukurasa wa kwanza ukamkalisha vizuri kwenye stuli. Huyu alijua. Hakuwa na mwandiko mzuri, na swali la pili alilikosa lote, lakini alipojibu alijibu kama mtu aliyewahi kushika kitu chenyewe mkononi. Akafika swali la tano. Eleza kizuizi shindani kwa mfano wako mwenyewe, na uchore grafu yake.

Namba nne aliandika: chukua dirisha la karani. Watu wana shida zao wanataka kuhudumiwa, lakini mbele amekaa mtu mmoja asiye na shida yoyote, anapiga soga tu. Dirisha ni zima, karani ni mzima, ila kazi haiendi kwa sababu nafasi imekaliwa. Huyo ndiye kizuizi. Foleni ikiwa fupi atakaa siku nzima. Ikiwa ndefu sana, watu watamsukuma, na kazi itarudi kasi yake ileile ya mwanzo.

Mfano huo haukuwa katika kitabu chochote. Aliutunga yeye, darasa la mwaka wa pili, miaka mitano iliyopita, siku aliyotoka kwenye foleni ya karani akiwa na hasira zake. Na katika darasa hilo palikuwa na binti mmoja wa kiti cha mbele, aliyekuwa akibaki baada ya kengele, mwenye maswali ya kumchelewesha mtu kurudi nyumbani, ambaye baadaye alipata ufadhili akaenda kusoma mbali. Namba ilificha jina, lakini sauti haikufichika.

Akajumlisha. Sitini kamili.

Akarudi kwenye grafu. Mikunjo miwili, umbo sahihi, inakutana juu panapostahili. Majina ya mihimili hakuna.

Kwa miaka tisa hakuna mwanafunzi aliyepona hapo. Alama mbili, zinakatwa, na huyu binti zaidi ya wote alilijua hilo. Sitini kutoa mbili ni hamsini na nane. Hamsini na nane ni kufeli. Kufeli ni tangazo jipya, wiki sita, barua tatu, na yeye ndani ya jengo hilo kwa jina lake, kwa kudumu. Wala asingedanganya. Angetumia tu kanuni yake ambayo chuo kizima kinaijua.

Akainua kalamu nyekundu. Kisha, kwa ile tabia mbaya ya kufanya kazi vizuri, akavuta mwongozo wa kusahihisha ahakikishe. Mwongozo wake mwenyewe ulisema: mchoro sahihi wa mikunjo miwili, alama nne. Kuhusu majina ya mihimili haukusema lolote. Alisahau kuandika, kwa kuwa kwake yeye jambo hilo lilikuwa wazi kama kuvaa viatu. Bado angeweza kusema ni kusahau tu. Lakini karatasi ya namba saba ilikuwa pale juu ya pipa, na grafu yake ya bila majina, na alama nne kwa wino wake mwenyewe.

Alikaa hapo kipindi kizima. Wanafunzi walipita nje wakiongea, maji ya pipa yakadondoka, naye akawatukana wote kimoyomoyo: mkuu wa idara na chai yake, karani na kitabu chake, namba saba aliyechora grafu wakati angeweza kueleza umuhimu wa maji kama mwenzake. Akamtukana na huyu binti. Miaka yote aliyomfundisha, angeandika maneno mawili tu pembeni mwa mstari, angepata sitini zake za wazi na wala asingemwachia mzigo huu. Akarudia kuhesabu mara tatu, akitumaini kuwa amekosea kujumlisha. Hakuwa amekosea.

Akaandika sitini, akazungushia duara, akafunga bahasha kabla hajapata akili.

Nyumbani alipoulizwa, akasema ukweli. Mdogo wake akaweka kijiko chini, akaondoka bila kumaliza chakula, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mama yake alimtazama. "Mimi nilikusomesha uwe daktari," akasema. "Sikujua wanawafundisha na ujinga." Halafu akampakulia tena, sahani ikajaa kupita kiasi.

Muhula mpya ulipofunguliwa ratiba ikabandikwa. Baiokemia mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, vipindi vyote, herufi za jina la mwalimu mpya. Mama Vimeng'enya akaenda kumwona mkuu wa idara, akidhani atapewa hata nusu ya vipindi. Mkuu akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Muhula huu hatutahitaji mwalimu wa muda, mama. Si tumempata mwalimu?" Akamvisha kilemba cha ukoka kirefu, kwamba mchango wake hautasahaulika na kwamba chuo kina deni kubwa la shukrani. Yeye alikuwa akihesabu moyoni. Miezi yake ilikuwa imebaki miwili, na hapakuwa na tangazo popote.

Alipokwenda stooni alimkuta yule binti wa kiti cha mbele. Alikuwa amekua, amevaa koti jeupe lenye mikunjo ya kiwandani bado, na alipomwona alimwamkia kwa magoti kidogo, kama zamani.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekutafuta ofisi zote. Nimeonyeshwa meza pale juu, nikasema ngoja kwanza nimwone mwalimu, nisije nikakaa kwenye meza yake."

"Marahaba. Kaa tu. Sikuwahi kuwa na meza."

Binti akacheka, akidhani ni utani, kisha akaacha. Akaitazama stuli, na pipa, na rundo la daftari ukutani. "Sisi wote tulijua wewe ndiye mwenye idara," akasema polepole. "Nilipoona tangazo nikafikiri umepandishwa cheo. Nikampigia simu mkuu wa idara, nikamuuliza kwanza, hiyo si nafasi ya mwalimu wangu? Akaniambia hapana, nafasi haina mtu."

Mama Vimeng'enya akainamisha uso, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Ningejua nisingeomba," binti akasema.

"Ungeomba. Na ungekuwa mjinga usipoomba." Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. "Mimi nina hasira, nakuambia usije ukasikia kwa watu. Sina hasira na wewe, lakini ziko, na leo usinitegemee nikuchekee. Na grafu zako bado hazina majina."

Binti akafunika mdomo kwa kiganja. "Wewe ndiye uliyesahihisha?"

"Hapa kuna nani mwingine?"

Akampa daftari zake za miaka tisa, kwa sababu wanafunzi wa mwaka wa tatu hawakuwa na kosa. Lakini funguo, alisema, lazima zipite utumishi, kwa utaratibu: ya stoo, ya kabati la asidi, na ya jokofu la vimeng'enya. Mali ya chuo haihami mkono kwa mkono, na yeye hakutaka kesho aambiwe kapoteza kitu. Akashuka nazo hadi dirishani.

Karani akatoa fomu ya makabidhiano, akafungua faili ya nafasi ya baiokemia, akapekua mbele, akapekua nyuma.

"Mama, siwezi kuijaza hii. Inataka jina la anayeondoka kwenye nafasi."

"Ndiye mimi."

"Jina lako humu halimo." Akageuza faili ili aone mwenyewe. "Nafasi ilianzishwa, ikakaa wazi miaka tisa, ikajazwa mwezi huu. Haijawahi kuwa na mtu. Sasa kama hakuna aliyeondoka, nani anakabidhi?"

Nyuma yake foleni ilikuwa imerefuka, na mtu wa pili akakohoa kwa kukosa subira. Mama Vimeng'enya akaitazama ile karatasi, mistari yake iliyonyooka, tarehe zake, mahali palipoandikwa *wazi*, *wazi*, *wazi*, mwaka baada ya mwaka. Akaziweka funguo zote tatu katika tundu la kioo.

"Kama hapakuwa na mtu," akasema, "basi hizi nimeziokota. Andika hivyo."

Alisema kwa uchungu, amchome. Lakini karani alifikiri, uso ukamkunjuka, akavuta daftari jingine kutoka chini ya meza, lile la vitu vilivyopotea, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: funguo tatu, zimeokotwa, stoo ya maabara. Akaligeuza, akamwonyesha kwa kalamu mstari wa kusaini. Mama Vimeng'enya akasoma neno lililochapwa chini ya mstari huo, *aliyeokota*, akasaini, akampisha mtu wa nyuma yake.